Nitajuaje Mwandishi Alikusudia Nini?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu na heshima zako. Mimi ni mwanamke mtu mzima niliyerudi masomoni baada ya kukaa nje ya darasa kwa muda mrefu, na sasa ninasomea lugha na fasihi jioni, nikishatoka kazini. Kusoma ninakupenda tangu utotoni, wala sijawahi kujiona mtu mzito wa kuelewa. Hata hivyo lipo swali moja ambalo likitokea katika mtihani hunitoa jasho, nalo ni lile linalotaka nieleze kusudio la mwandishi. Kila nikilijibu, karatasi yangu hurudi na maneno yaleyale ya kalamu nyekundu: "Huu ni muhtasari, si kusudio."

Ili usidhani kwamba ninalalamika bure, naomba nikunukulie kifungu tulichopewa katika zoezi la mwisho, maana ni kifupi:

"Nyuki mmoja, katika maisha yake yote, hutengeneza asali isiyojaza hata kijiko cha chai. Huruka kutoka ua hadi ua akibeba chavua, na bila yeye miti yetu mingi ya matunda isingezaa. Hata hivyo, tunanyunyizia dawa mashamba yetu saa zilezile ambazo nyuki wako kazini. Siku maua yatakapochanua bure, tutamlaumu nani?"

Nilijibu kwamba kusudio la mwandishi ni kuelimisha jamii kuhusu umuhimu wa nyuki. Nilipewa alama moja kati ya nne. Mhadhiri alisema kwamba kifungu hiki ni cha kushawishi, si cha kuelimisha, lakini kipindi kilikuwa kimekwisha na hakupata nafasi ya kufafanua. Mimi bado naona elimu tupu hapo: nimejifunza kuhusu asali, chavua na matunda. Kama hiyo si elimu, ni kitu gani?

Jambo la pili ni mabishano. Mwenzangu wa darasani, kijana mwenye akili sana, ananiambia nisijisumbue kwa kuwa swali lenyewe halina maana. Hoja yake ni kwamba mwandishi akishafariki hakuna wa kumuuliza, na hata akiwa hai anaweza kutudanganya au akawa hajijui. Kwa hiyo kila msomaji ana kusudio lake alilolikuta katika kitabu, na majibu yote ni sahihi. Maneno yake yananiliwaza, lakini sioni kwamba yanamwongezea alama yeye mwenyewe.

La mwisho linatoka nyumbani. Baba yangu mkubwa, ambaye husoma kila anachotumiwa kwenye simu, alituletea makala ndefu kuhusu maumivu ya mgongo. Imeandikwa kitaalamu, inaeleza uti wa mgongo, misuli na namna ya kukaa kitini, na mwishoni kabisa inataja mkanda fulani wa kufunga kiunoni na jinsi ya kuuagiza. Akaniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Huyu ametuandikia au ametuuzia?" Nilijiuma vidole, kwa sababu sikujua nianzie wapi kumjibu.

Naomba unisaidie. Na uniambie pia, kama hutajali, nifanye nini iwapo kusudio ninaloliona mimi silo lililomo katika mwongozo wa msahihishaji.

Wako,
Mwanafunzi Mtu Mzima

JIBU

Dada yangu Mwanafunzi,

Nimefurahi kwamba ulininukulia kifungu chenyewe badala ya kukieleza kwa maneno yako, kwa kuwa kusudio haliwezi kujadiliwa hewani. Naomba tukisome pamoja, taratibu kuliko ulivyopata nafasi ya kufanya katika chumba cha mtihani.

Sentensi ya kwanza inatupa jambo la kweli kuhusu asali. Sasa jiulize habari hiyo imewekwa pale kwa kazi gani. Kifungu hakirudi tena kwenye asali: hakisemi inatengenezwaje, wala nyuki huyo anaishi muda gani. Sentensi inatuonyesha kiumbe mdogo anayechapa kazi maisha yake yote kwa malipo yasiyojaza kijiko, na ukiisikiliza vizuri utaona kwamba inakuomba umwonee nyuki imani. Sentensi ya pili inahamia kwenye faida yetu: bila yeye, matunda hatuna. Kufikia hapo msomaji amekwisha kumhurumia nyuki na amekwisha kujua kwamba anamhitaji. Ndipo yanapokuja maneno "hata hivyo", na kuanzia hapo nyuki si mtenda tena. Mtenda ni sisi. Tunanyunyizia. Mashamba yetu. Tutamlaumu.

Angalia pia mwandishi anasimama upande gani. Angeweza kuandika "wakulima wananyunyizia", akajitoa katika lawama. Badala yake amejiweka miongoni mwa wanaolaumiwa, na hivyo ndivyo anavyofanya mtu anayetaka kusikilizwa kuliko kukemea. Angeweza kusema "sumu", lakini akachagua "dawa", neno ambalo mkulima mwenyewe hulitumia anapokwenda kuinunua. Kisha yapo maneno mawili ambayo naamini uliyapita haraka: "saa zilezile". Mtu anayetaka wakulima waache kabisa kunyunyizia dawa hana haja ya kutaja saa. Huyu ametaja saa kwa sababu ombi lake ni dogo, nalo linatekelezeka: nyunyizieni, lakini si wakati nyuki wanapotembelea maua. Swali la mwisho halingoji jibu. Linamwachia msomaji mzigo ambao hawezi kumtwika mtu mwingine.

Kwa hiyo jibu ambalo mimi ningelipa alama zote nne lingekuwa hivi: mwandishi anakusudia kuwashawishi wakulima wabadilishe saa za kunyunyizia dawa ili wasiwaue nyuki wanaochavusha mazao yao, na taarifa kuhusu asali na matunda imetangulizwa ili kuwaandaa kulipokea ombi hilo. Utaona kwamba elimu uliyoiona imo, nami sikukatazi kuitaja. Ulichokosa ni kueleza elimu hiyo inamtumikia nani. Kama mwandishi angetaka kutufundisha tu habari za nyuki, angetuambia kwamba nyuki mtenda kazi huishi wiki chache tu katika msimu wa kazi, angetueleza namna maji matamu ya maua yanavyogeuka kuwa asali ndani ya mzinga, na asingekuwa na sababu yoyote ya kutuuliza nani alaumiwe.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya muhtasari na kusudio, ambayo kalamu nyekundu imekuwa ikikuonyesha bila kukueleza. Muhtasari hujibu andiko linasema nini. Kusudio hujibu andiko linataka nini kutoka kwa anayelisoma. Mimi hupendelea kuwapa wanafunzi sentensi moja ya kukamilisha: "Mwandishi anataka msomaji wa namna fulani, akimaliza kusoma, afanye, aamini au ahisi jambo fulani." Ukishindwa kumtaja huyo msomaji wa namna fulani, ujue kwamba bado hujafika. Ndiyo maana sipatani na jibu linalopendwa sana madarasani, la "kuelimisha jamii". Jamii haikai ikasoma kifungu. Anayesoma ni mkulima, au mzazi, au mtu aliyefiwa, au kijana anayetafuta mchumba, na mwandishi mzuri anamjua.

Sisemi kwamba maneno matatu mliyofundishwa, yaani kuelimisha, kuburudisha na kushawishi, hayafai. Yanafaa kwa hatua ya kwanza, ile ya kujua uko upande upi wa uwanja. Ubaya wake ni kwamba mwanafunzi akishachagua moja kati ya hayo matatu huona kazi imekwisha, ilhali maandiko yenye uzito huwa yanafanya mawili au yote matatu kwa pamoja, na kazi ya msomaji ni kusema lipi linamtumikia lipi. Hadithi inayochekesha kuanzia mwanzo hadi mwisho yaweza kuwa shauri kali kuliko hotuba.

Kabla sijafika kwa kijana wenu mbishi, naomba nitenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, hata walimu. Sababu iliyomfanya mtu aandike si lazima iwe kusudio la alichokiandika. Mwaka 1866 mwandishi wa riwaya wa Urusi, Fyodor Dostoevsky, alikuwa ametiwa kitanzi na mkataba: asipokabidhi riwaya mpya kwa tarehe iliyowekwa, mchapishaji angepata haki ya kuchapisha kazi zake kwa miaka kadhaa bila kumlipa. Akamwajiri binti mmoja mwenye ujuzi wa hati mkato, akamtamkia riwaya fupi kuhusu mcheza kamari, nayo ikakamilika katika muda usiozidi mwezi mmoja. (Mwaka uliofuata alimwoa binti huyo, lakini hilo halimo katika mtihani wako.) Sababu ya kuandika ni deni na tarehe. Lakini ukiisoma riwaya yenyewe hukuti deni la mchapishaji popote. Unakuta mtu anayeona waziwazi kwamba kamari inamteketeza na bado miguu inamrudisha mezani, na kusudio la kazi hiyo ni kukuweka ndani ya kichwa cha mtu wa namna hiyo hadi uache kumwona mjinga. Mtahini anapouliza kusudio, anauliza hili la pili.

Mwandishi wa Uingereza George Orwell alilieleza suala la sababu kwa uwazi ambao ni nadra kwa waandishi. Katika insha yake ya mwaka 1946 alizitaja nne: tamaa ya kuonekana mwerevu, ya kuzungumzwa na ya kukumbukwa baada ya kufa; raha ya maneno yenyewe na mpangilio wake; haja ya kuona mambo yalivyo na kuyahifadhi kwa watakaokuja; na nia ya kisiasa, neno ambalo yeye alilichukua kwa upana wake, yaani kutaka kuisukuma dunia ielekee upande fulani. Alisema zote nne zimo ndani ya kila mwandishi, na kwamba kiwango chake hubadilika kwa mtu na kwa wakati. Mimi huipenda sana ile ya kwanza kwa kuwa waandishi wengi huikana. Lakini ona kwamba ya kwanza haikusaidii kitu katika kusoma: kujua kwamba mtu alitaka sifa hakukuambii kwa nini sura ya tatu imewekwa kabla ya sura ya nne. Ya nne, kinyume chake, huacha alama kila mahali katika andiko, na alama hizo ndizo unazozitafuta.

Sasa kijana wenu. Usimdharau, kwa maana anasimama na watu wazito. Katika mwaka uleule wa 1946, wahakiki wawili wa Marekani, W. K. Wimsatt na Monroe Beardsley, walichapisha makala wakidai kwamba nia ya mwandishi haipatikani, na hata ikipatikana haifai kuwa kipimo cha kuihukumu kazi ya fasihi. Miaka ya 1960 ilipokuwa inaelekea ukingoni, Mfaransa Roland Barthes akaenda mbali zaidi, akatangaza kifo cha mwandishi na kumpa msomaji nafasi yake. Inaelekea kijana amesikia habari za makala hizi, au amezifikia kwa akili yake mwenyewe, jambo ambalo lingekuwa la kumsifu zaidi. Kasoro yake ni kwamba ameruka hadi kwenye hitimisho ambalo wale wawili wa kwanza hawakulifikia. Wao walisema tusiitafute maana ya shairi katika shajara ya mshairi. Tuitafute katika shairi lenyewe. Mtu anayesema hivyo hafungui mlango kwa kila jibu. Anazidi kukubana, kwa sababu sasa kila unachodai unatakiwa ukionyeshe kwa kidole katika maneno yaliyopo kwenye ukurasa.

Mwambie habari za Upton Sinclair, kisha umsikilize atasema nini. Mwaka 1906 mwandishi huyu alichapisha riwaya iitwayo The Jungle, inayofuata familia ya wahamiaji kutoka Lithuania wanaofanya kazi katika viwanda vya nyama vya Chicago, namna kazi inavyowavunja mmoja baada ya mwingine, na jinsi mhusika mkuu anavyoishia kuukumbatia ujamaa. Wasomaji walishtushwa na jambo jingine kabisa: uchafu wa nyama. Kabla ya mwaka huo kwisha, Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya ukaguzi wa nyama na sheria ya usafi wa vyakula na dawa. Sinclair mwenyewe alisikitika, akasema kwamba alilenga moyo wa umma akajikuta amepiga tumbo. Kama kila msomaji ndiye mwenye kusudio, tungelazimika kusema kwamba riwaya ile iliandikwa kwa ajili ya ukaguzi wa nyama. Lakini kurasa zake haziruhusu. Uchafu wa nyama unachukua sehemu ndogo tu ya kitabu, ilhali mateso ya wafanyakazi ndiyo yanayokibeba, na kurasa za mwisho zimejaa hotuba za ujamaa. Wasomaji waliipokea kazi kwa namna yao, na mapokeo hayo ni sehemu halali ya historia ya kitabu, lakini mapokeo ni kitu kimoja na kusudio ni kitu kingine.

Wakati mwingine mwandishi hutuondolea taabu kwa kusema mwenyewe. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake maarufu mnamo mwaka 1858, anaanza kwa kumwita binti yake asogee, anamwambia kwamba amekuwa mgonjwa mwaka mzima, na anamtaka aketi mbele yake na wino na karatasi kwa kuwa yapo maneno anayotaka kumpa. Hadhira inajulikana na nia inajulikana: mama anamwachia binti wosia. Ungedhani hapo swali limekwisha. Lakini tazama ile karatasi. Mama anayetaka tu kumnong'oneza mwanawe hana haja ya wino. Huyu anataka maneno yabaki, na kuelekea mwisho anawaalika wanawake wengine nao wausome utendi huo. Kwa hiyo hata pale kusudio linapotamkwa waziwazi, kazi ya msomaji haijaondoka, kwa kuwa andiko lenyewe linaweza kukuonyesha kusudio pana kuliko lile lililotangulizwa mlangoni.

Na ipo hali ngumu zaidi, ambapo msemaji aliyemo ndani ya andiko anasema kinyume cha anachokitaka mwandishi. Mfano unaotajwa zaidi duniani ni kijitabu alichokitoa mwandishi wa Ireland, Jonathan Swift, mwaka 1729 bila kuweka jina lake, ambamo msemaji mpole, mwenye hesabu zake mkononi, anapendekeza kwamba watoto wa maskini wa Ireland wauzwe wawe chakula cha matajiri. Anayemshika msemaji kwa maneno yake atamwona Swift mnyama. Anayesoma vizuri hukwama mapema kwenye pengo lililopo kati ya utulivu wa sauti na ubaya wa jambo linalosemwa, akaanza kujiuliza ni nani hasa anayechorwa hapa. Kisha, karibu na mwisho, msemaji anaorodhesha masuluhisho mengine, kama kuwatoza kodi wamiliki wa ardhi wanaoishi ng'ambo, na kuyatupilia mbali kwa kiburi. Masuluhisho hayo yote ni ya busara. Mahali hapo Swift anajitokeza: anayoyataka yeye ni yale ambayo msemaji wake anakataza yasitajwe.

Sisi wasomaji wa Kiswahili hatupaswi kushangazwa na hila hiyo, kwa sababu fumbo ni jambo tulilolelewa nalo. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza, aliiweka nchi yake angani, akampeleka Karama mahakamani kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na akamwachia ajitetee kwa kusimulia masaibu ya wajumbe waliotumwa kutafuta mema na kurudi kufungwa. Hakuna mkoloni anayetajwa. Wahakiki wengi wameisoma kazi hiyo kama lawama dhidi ya utawala wa wakati wake, nami naona ushahidi wao ni mzuri, si kwa sababu wamemuuliza marehemu, bali kwa sababu kitabu kinarudia mara baada ya mara tendo lilelile la serikali kumwadhibu aliyeileta habari njema, na marudio ya namna hiyo hayatokei kwa bahati. Unaposoma kazi iliyoandikwa mahali ambapo kusema wazi kuna gharama, jiulize kila mara kwa nini jambo limepelekwa mbali kiasi kile, angani, msituni au katika zama za kale. Umbali huo wenyewe huwa unasema jambo.

Nimekaa sana kwenye fasihi, na baba yako mkubwa bado anangoja. Swali lake ni zuri kuliko mengi niliyoyasikia katika kumbi za mihadhara, na linajibika kwa njia ileile tuliyoitumia kwa nyuki. Mwambie aanze kusoma kutoka mwisho. Andiko likimalizika kwa kumtaka msomaji atoe pesa, basi rudi nyuma uangalie kama kila aya imekuwa ikimsogeza kuelekea hapo. Kisha tazama kilichoachwa. Makala ya kweli kuhusu maumivu ya mgongo ingetaja kwamba mara nyingi maumivu ya kawaida ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, kwamba kuendelea na shughuli nyepesi kwa kawaida husaidia kuliko kulala kitandani, na kwamba zipo dalili zinazomtaka mtu aende kwa daktari bila kuchelewa, kama vile kufa ganzi miguuni au kushindwa kuzuia haja. Kama makala yenu imepita juu ya yote hayo, ikazungumzia uti wa mgongo kwa urefu na kuacha mlango mmoja tu wazi, ule wa mkanda, basi mjibu mzee bila kusitasita kwamba ametuuzia.

Muongezee jambo moja, asije akaanza kumshuku kila mwandishi. Kuuza si kosa, na maelezo ya uti wa mgongo yaliyomo katika tangazo yanaweza kuwa sahihi kabisa. Swali la "anataka nini kwangu" na swali la "anachosema ni kweli" ni maswali mawili. La kwanza halilijibu la pili. Faida ya kulijua la kwanza ni kwamba unajua wapi pa kuweka macho, maana mwuzaji hupotosha zaidi kwa kunyamaza kuliko kwa kusema uongo. Mwandishi wa tahariri naye hufanya hivyo, na mhubiri, na hata mimi katika safu hii.

Limebaki suala la mwongozo wa msahihishaji. Hapa nakushauri kama mtu anayetaka ufaulu. Mwongozo mwingi haukatai jibu jipya. Unakataa jibu lisilo na ushahidi, na wasahihishaji wana karatasi nyingi na subira kidogo. Anza na kusudio ambalo maneno ya kifungu yanalibeba waziwazi zaidi, ulitaje kwa sentensi moja yenye msomaji na tendo, kisha unukuu maneno mawili au matatu yanayolithibitisha na ueleze kila moja linafanya kazi gani. Ukiwa bado na nafasi, ongeza kusudio lako la pili kwa kuanza na "aidha", na ulipe nukuu yake nalo. Ukikosa nukuu, liache. Kwa kifungu cha nyuki, mathalani, ungeweza kuongeza kwamba mwandishi anataka pia mkulima ajione mshirika wa nyuki katika kazi moja, ukanukuu "wako kazini", maneno ambayo kwa kawaida husemwa juu ya watu. Mimi ningekupa alama kwa hilo, ingawa silo lililokuwa katika jibu langu la kwanza hapo juu.

Na kama zoezi hilo bado linaweza kujadiliwa, mwendee mhadhiri wako na kifungu mkononi, umwombe akuonyeshe neno lililomfanya aseme kwamba ni cha kushawishi. Usimwendee kudai alama. Akikuonyesha "hata hivyo", nawe mwonyeshe "saa zilezile", mkaendelea kutoka hapo.

Mshauri wako